Karatasi Fupi

Kitanda cha Leonard Yurkonis kilikuwa kando ya dirisha, na watu wa kaunti walitaka kukiuza. Hawakusema hivyo, bila shaka. Walisema makao ya wazee yanakula fedha za umma, kwamba ipo kampuni iliyo tayari kuyanunua, kwamba wazee watatunzwa vizuri zaidi. Lakini Dolores, mkewe, alikuwa ameshona mashati kiwandani tangu usichana wake mpaka siku kiwanda kilipofungwa, na alimjua mtu anayefunga mlango huku akitabasamu. Kampuni ikinunua, wazee wasio na kitu watatawanywa popote penye nafasi. Na Leonard hakuwa na kitu, ila pensheni ya mgodi na mapafu yaliyojaa vumbi la makaa.

"Leo umechelewa," alimwambia siku hiyo, mpira wa oksijeni puani. "Nimekuona pale kwenye kanisa, umesimama."

"Nilikuwa napumua, Len. Kilima hiki kinazidi kurefuka."

"Nilikwambia tembea, lakini hukunisikia."

Alikuwa akimwambia hivyo kila alasiri. Kutoka kitandani pale aliona barabara nzima, kuanzia kanisa la wahamiaji wa Lithuania hadi geti la makao, na ndiyo iliyokuwa kazi yake iliyobaki duniani: kumwangalia mke wake akipanda. Siku nyingine alisahau mwaka, akasahau kwamba mgodi ulikwisha kufungwa, akaomba viatu aende zamu. Lakini hakuwahi kusahau kutazama dirishani. Wauguzi walisema ukitaka kujua kama ni saa tisa, mwangalie Leonard, ameinua shingo.

Dolores aliogopa kitu kimoja tu, wala hakuona haya kukisema. Macho yake yalikuwa na ukungu, daktari alimkataza kuendesha gari kwenye barabara kuu. Leonard akihamishwa mbali, hatamwona akija. Na huenda Dolores mwenyewe asiweze kuja.

Baraza la kaunti lilikuwa na viti vitano. Wajumbe wawili walitaka kuuza, wawili hawakutaka, na kiti cha bonde la Brannock ndicho kilichobaki kuamua. Walikigombea watu wawili wa chama kimoja: Glenn Hatterick, muuza magari, aliyetaka kuuza; na Marlene Boyer, muuguzi mstaafu, aliyeapa kwamba makao hayatauzwa akiwa hai. Bonde lile lilikuwa na chama kimoja tu chenye uhai. Kile kingine hakijasimamisha mtu tangu watoto wa Brannock walipoanza kuhamia mijini. Kwa hiyo anayeshinda mchujo wa chama mwezi wa Mei ameshinda. Uchaguzi wenyewe wa Novemba ni kama harusi ya watu waliokwisha zaa.

Na mchujo ulikuwa wa wanachama peke yao. Dolores hakuwa mwanachama wa chama chochote.

*

Ijumaa ya mwisho ya Kwaresima wanawake wa Brannock walikuwa jikoni mwa ukumbi wa zimamoto, wakikanda unga wa pirogi na kuujaza viazi na jibini. Ndivyo kikosi cha zimamoto kilivyonunua mipira yake ya maji: kwa mikono ya akina mama. Dolores alikuwa mezani pa kukunja. Hata macho yalipopungua, vidole vyake havikukosea ukingo.

"Nenda ukajiandikishe chamani," alisema Bernadine Kessock, jirani yake, aliyekuwa akichemsha. "Bado kuna muda. Mwisho ni wiki mbili kabla ya mchujo. Unaingia, unampigia Marlene, kesho yake unatoka. Nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mwenyewe."

"Haya, malkia! Mwenye haja huona haya?"

Wanawake wakacheka. Wote walikijua kisa. Kiwanda cha mashati kilipofungwa, wakubwa wa chama hiki walikuja kupigwa picha getini na washonaji wanaolia. Kesho yake wakaja wa chama kile, wakapigwa picha palepale, na washonaji walewale. Juma lile Dolores alikwenda ofisi ya kaunti akafuta jina lake. Karani alipomuuliza anahamia chama gani, alijibu, "Mimi sina chama, nina mume." Neno hilo lilizunguka mji mzima. Leonard mwenyewe alilirudia mgodini mpaka wenzake wakamchoka.

"Lakini sasa mume ndiye mwenye shida," Bernadine alisema, sauti ikishuka. "Kiburi kitakuwa kimekusaidia nini, Dolly?"

Dolores aliendelea kukunja. Maneno yalimwingia. Alikuwa amekwisha amua moyoni kwamba Jumatatu atashuka ofisi ya kaunti, ameze mate machungu, aandikishe jina. Ni Mungu tu aliyejua hivyo.

Ndipo akaingia mheshimiwa. Alikuwa mbunge wao wa jimbo, kijana mwenye koti la bluu, na nyuma yake shemeji yake Dolores, Stan Yurkonis, mdogo wake Leonard. Stan alikuwa wakala wa chama pale Brannock. Ndiye aliyebisha milango, aliyebandika mabango, aliyewapeleka vikongwe vituoni kwa gari lake. Mheshimiwa alipewa sahani ya pirogi zenye siagi na vitunguu, akala mbili, akasimama juu ya kiti.

"Akina mama, nina habari njema! Kwa miaka mingi wapiga kura wasio na chama katika jimbo hili wamelipa kodi ya kuendesha mchujo wasioruhusiwa kuingia. Sasa basi! Juzi tumeupitisha mswada. Milango inafunguliwa. Asiye na chama atachukua karatasi ya chama anachotaka, atapiga kura kama mtu mwingine!"

Ukumbi ulipiga makofi. Bernadine alimkumbatia Dolores kwa mikono yake ya unga, akamwachia alama mbili nyeupe mgongoni.

"Umesikia? Mungu si Stan!"

"Shemeji," Dolores alimwita Stan, akicheka, jambo lisilo la kawaida yake. "Umesikia bosi wako? Mmeniokoa. Jumatatu nilikuwa nije kukupigia magoti unipokee chamani."

Stan alikuwa akitafuna. Alimtazama, akatazama sahani. "Hizi za leo zina jibini nyingi," alisema.

"Kwa hiyo sina haja tena, siyo? Mlango ukifunguliwa, mtu hapiti dirishani."

"Mheshimiwa amesema mwenyewe," alijibu Stan, akaenda kuongeza vitunguu.

*

Siku ya mchujo kituo kilikuwa ukumbini mlemle, na jikoni waliuza kabichi ya kukaanga na tambi kama kila mwaka. Desturi ya Brannock ni kwamba mtu hapigi kura na tumbo tupu. Kwa miaka mingi Dolores alikuwa amewalisha wapiga kura wa mchujo bila kuwa mmoja wao. Aliwaona wakitoka na vibandiko vyao vifuani, akawapa sahani na kitambaa cha karatasi.

Safari hii alivua aproni. Alikuwa amevaa blauzi ya samawati ndani yake, ile ya kanisani, na wenzake waliona wakajifanya hawakuona. Alisimama kwenye foleni nyuma ya Joe Matusek, kinyozi mstaafu.

"Dolores! Umepotea njia? Tambi ziko kule."

"Leo na mimi ni mtu, Joe."

Mezani alikaa Trudy Hoffner, mkuu wa kituo, mwanamke mwema mwenye miwani ya mnyororo. Waliimba pamoja kwaya. Trudy alifungua daftari, akashusha kidole, kikasimama.

"Dolly, hapa inasomeka huna chama."

"Ndiyo. Nipe ya chama chenu. Nataka kumpigia Marlene."

Trudy alivua miwani. "Mpenzi, haiwezekani."

"Mswada ulipita. Mheshimiwa alisema, juu ya kile kiti pale."

"Ulipita bunge la chini." Trudy alizungumza polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake habari za msiba. "La juu hawajaugusa. Wamefunga kikao, wamekwenda makwao. Gavana hajaweka sahihi. Si sheria, Dolly. Bado ni maneno."

Mtu akikohoa kwenye ukumbi ule anasikika hadi jikoni, na jikoni hakukuwa na sauti ya sufuria.

"Basi niandikishe sasa. Niandikishe chamani, nitatia sahihi hapahapa."

"Muda ulikwisha wiki mbili zilizopita."

"Ni kwa ajili ya Len, Trudy."

"Najua." Macho ya Trudy yalikuwa yamejaa. "Najua ni kwa ajili ya nani."

Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria na yeye alikuwa mkuu wa kituo, alivuta karatasi kutoka kwenye bahasha nyingine. Ilikuwa fupi, kama risiti ya duka. "Hii unaruhusiwa. Swali la mji. Wote wanaruhusiwa."

Dolores aliisogeza karibu na macho. Karatasi iliuliza kama kikosi cha zimamoto cha Brannock kiruhusiwe kuuza bia katika hafla zake. Ndiyo, au hapana.

"Dolly, bia ikipita utukumbuke!" Joe Matusek alisema, na wawili watatu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa kutojua pa kuweka nyuso zao. Lakini kicheko kikishatoka hakirudi kinywani. Dolores alisimama na blauzi yake ya kanisani, mwanamke wa miaka sabini na moja, anaulizwa bia.

Aliirudisha karatasi mezani ikiwa safi, akatembea hadi jikoni, akavaa aproni.

Wengine walikuja baada yake. Mjane wa mwalimu, vijana wawili wa gereji, dereva wa lori la taka, wote wasio na chama, wote waliosikia habari ya milango kufunguliwa, wote wakapewa karatasi fupi. Kila mmoja alipofika jikoni Dolores alimpakulia tambi.

Saa sita Stan alikuja na sahani yake.

"Ulijua," Dolores alisema.

"Weka na kitunguu kidogo."

"Ulijua siku ile, shemeji. Wewe ndiye unayejua haya mambo mji mzima. Nilisimama hapahapa nikakuuliza."

"Hukuuliza. Ulisema mwenyewe ukajijibu mwenyewe."

"Yule ni kaka yako!" Bernadine alipayuka toka penye sufuria, mwiko mkononi. "Alikubeba mgongoni kutoka mgodini ulipovunjika mguu!"

Stan aliweka sahani chini. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Nyinyi mnadhani mimi nakula wapi? Kila mwaka kodi ya kaunti juu ya nyumba inapanda, wanasema ni makao, makao. Nimebakiwa na nyumba tu. Nikishindwa kulipa wataiuza, nitalala wapi, kwa Len? Hatterick amesema kodi itashuka. Nami nimemwahidi hii kata." Alimgeukia Dolores. "Na kampuni watamtunza. Wamesema."

"Wamesema," alisema Dolores. Alipakua tambi, akaongeza vitunguu, akamsogezea. "Kula. Zitapoa."

Stan hakula. Aliiacha sahani pale kaunta, na hakuna aliyeiondoa mpaka jioni. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga waliosema hivyo hawakutuambia la kufanya na nguo.

*

Hatterick alishinda. Tofauti ilikuwa ndogo, ndogo kuliko idadi ya watu wa Brannock waliopewa karatasi fupi siku ile. Bia nayo ilishinda.

Baraza halikungoja hata mwaka mpya. Mmoja wa wale wajumbe wawili waliokuwa wakipinga aliona upepo unakoelekea, akageuka, na kufikia Agosti makao yalikuwa na jina jipya na zulia jipya mlangoni. Mwanamke mwenye viatu vizuri alimweleza Dolores kwamba vitanda vya watu wa aina ya Leonard vimepunguzwa. Zipo nafasi katika jengo lao jingine, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Watu wa aina gani?" Dolores aliuliza.

"Wanaosaidiwa malipo, mama."

Walimchukua asubuhi. Leonard alidhani anapelekwa zamu, akauliza kama mkewe amemfungia chakula. Dolores alikwenda nyumbani, akafunga mkate na soseji katika karatasi kama zamani, akarudi mbio. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Alikaa kwenye ngazi za makao akalia kwa sauti, bila kujificha, na mwanamke mwenye viatu vizuri akarudi ndani.

*

Novemba ilikuja na theluji nyepesi. Trudy Hoffner alimpa karatasi ndefu kwa mikono miwili.

"Leo zote, Dolly. Leo unaruhusiwa zote."

Kwenye kiti cha bonde palikuwa na jina moja tu, Glenn Hatterick, na chini yake mstari mtupu wa anayetaka kuandika jina jingine. Dolores alikaa muda. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alisogeza macho karibu kabisa na mstari, akaandika polepole, kwa herufi zilizonyooka: Leonard Yurkonis.

Aliporudi jikoni Bernadine aliuliza kaandika nini. Akamwambia. Bernadine alifuta mikono, akavua aproni, akatoka kwenda kwenye foleni. Nyuma yake akatoka mwanamke wa mezani pa kukunja, na wa nyuma yake. Hakuna aliyepanga. Mchana kutwa mtu akija kuchukua tambi kabla ya kupiga kura aliinamiwa sikioni, akacheka, au akaacha kucheka, akaenda kwenye foleni.

Vituo vilipofungwa, Trudy alisoma majina ya kuandikwa kwa mkono ili karani ayanukuu, ndio utaratibu. Stan alikuwepo, wakala wa chama, kofia kichwani.

"Leonard Yurkonis," Trudy alisoma. Akachukua nyingine. "Leonard Yurkonis." Na nyingine. Mara ya nne sauti yake ilipasuka, akanywa maji, akaendelea. Lilisomwa jina la mchimba makaa katika ukumbi ule mpaka likawa kama litania ya watakatifu, na wanawake wa jikoni walisimama mlangoni wakisikiliza. Hatterick alikuwa na mamia. Leonard alipata ishirini na tisa. Stan alivua kofia, na hakuivaa tena mpaka alipotoka.

Kesho yake gari lake lilisimama mbele ya nyumba ya Dolores, injini ikinguruma.

"Panda, shemeji. Twende ukamwone."

Alipanda, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na hilo nalo lilikuwa fedheha yake. Walikwenda saa nzima. Vilima vyeusi vya mabaki ya makaa vilipita, kisha mashamba.

"Ningeweza kukudanganya kwamba na mimi nimemwandikia," Stan alisema mwishowe. "Sikumwandikia. Nilikuwa nimekwisha piga asubuhi."

"Na kama usingekuwa umepiga?"

Stan alitazama barabara. "Sijui, Dolly."

Walipofika Stan hakuzima hata injini. Alisema atangoja garini, mguu unamuuma.

Kitanda cha Leonard kilikuwa cha katikati, pazia huku, pazia huku. Alikuwa amekonda, na kifua kilipiga filimbi. Alipomwona mkewe alishtuka kama aliyeamshwa.

"Umetokea wapi? Sikukuona ukija."

"Nimekuja tu, Len."

"Sikukuona," alirudia, akatafuta kwa macho dirisha lisilokuwapo ukutani.

Dolores aliketi, akamshika mkono, akamweleza habari za Brannock: theluji, bia ya zimamoto, na jinsi jina lake lilivyosomwa ukumbini, mara ishirini na tisa, mpaka Trudy akalia. Leonard alisikiliza mdomo wazi. Siku hiyo akili yake ilikuwa nyumbani.

"Nilishinda?"

"Hukushinda."

"Ishirini na tisa," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Si haba, kwa mtu asiyegombea. Nani na nani?"

Akamtajia. Bernadine. Trudy mwenyewe. Joe Matusek. Mjane wa mwalimu. Vijana wa gereji. Kila jina alilipokea kwa kuinamisha kichwa, kama watu wanaomwamkia mmoja mmoja. Kisha akangoja, na Dolores alijua anangoja nani.

"Na Stan?"

Huyu alikuwa mwanamke aliyekataa kuandika neno moja la uongo kwenye fomu ya kaunti, hata kwa juma moja, mpaka kukataa huko kukamgharimu kura yake na kile kitanda cha dirishani. Alimtazama mumewe, na mikono yake iliyokuwa ikikunjakunja ukingo wa shuka.

"Stan ndiye wa kwanza," alisema. "Alifika kabla ya sote."

"Nilijua," alisema Leonard, akalaza kichwa. "Nilijua tu."

Dolores alimfunika miguu.